Nani Mwenyeji wa Karagwe? Kutoka Kikale cha Bweranyange hadi Kitambulisho cha Taifa

Ukitazama ramani ya Tanzania, Karagwe na Kyerwa zimebanwa kwenye kona ya kaskazini-magharibi, Rwanda upande mmoja na Uganda upande wa pili, mto Kagera ukiwa ukingo. Kwa karne nyingi hapakuwa kona. Palikuwa katikati: njia ya chumvi, pembe za ndovu na kahawa kutoka Unyamwezi kwenda Buganda ilipita hapa, na Bweranyange, makao ya wafalme, ilijulikana na wafanyabiashara hadi Tabora na Unguja. Kona ilitengenezwa na mikataba. Na tangu ilipotengenezwa, kila serikali iliyoitawala nchi hii imelazimika kujibu upya swali moja: nani mwenyeji na nani mgeni? Jibu limekuwa likibadilika kwa kadiri ya hofu ya watawala, na walioumia kwa mabadiliko hayo ni watu waliokuwa tayari wamekwisha kupanda migomba yao.

Mgeni aliyekuwa mfalme

Mapokeo ya Wanyambo, watu wa Karagwe, yanaanza na ukoo wa Abasiita, watu wa chuma na tanuri, ambao mtawala wao wa mwisho alikuwa Nono, mwana wa Malija. Kisha akaja Ruhinda kutoka kaskazini. Masimulizi hayaelezi kwa namna moja jinsi alivyomshinda Nono, lakini yote yanakubaliana kwamba alikuja, hakuzaliwa hapo. Uzao wake, Abahinda, ndio uliotawala Karagwe, na matawi yake yakashika Nkore, Ihangiro, Kyamtwara na Buzinza. Hivyo hadithi ya msingi ya ufalme huu inamweka mgeni kwenye kiti cha enzi na haioni aibu kusema hivyo.

Walioishi chini ya Omukama, yaani mfalme, walikuwa Abahima wafugaji na Abairu wakulima, na lugha yao ilikuwa moja, Runyambo. Tofauti ya hadhi ilikuwepo, na si ndogo. Mwenye ng'ombe alikuwa karibu zaidi na kikale, makao ya mfalme, kuliko mwenye jembe, na ni makosa kuipamba historia hiyo kana kwamba wote walikuwa sawa. Ila mipaka ya watu haikuwa mipaka ya nchi. Msiita wa Karagwe alikuwa na wenzake wa ukoo Nkore. Wachungaji walivuka Kagera wakifuata malisho na wakarudi. Kilichomfanya mtu awe wa Karagwe kilikuwa utii: alipewa ardhi kwa jina la Omukama, akapeleka pombe, ndizi au ng'ombe kikale, akaitika akiitwa vitani. Aliyekuja jana akafanya hayo alikuwa mtu wa Karagwe leo.

Usalama wa mfalme mwenyewe ulikuwa hafifu kuliko wa raia wake. Ndagara alipofariki katika miaka ya 1850, wanawe watatu, Rumanyika, Nnanaji na Rogero, waligombea. Rumanyika alieleza baadaye jinsi alivyopatikana: kulikuwa na ngoma ndogo, nyepesi kama unyoya, lakini imesheheni dawa, na aliyekataliwa na mizimu hakuweza kuiinua hata angekuwa na nguvu za fahali. Yeye aliiinua kwa kidole. Ndiyo siasa ya uhalali ilivyosimuliwa. Nyuma ya ngoma kulikuwa na jambo jingine: Rogero hakukubali, vita ikazuka, na Rumanyika akashinda kwa msaada wa wafanyabiashara wa njia ya Tabora, hasa Mhindi mmoja aliyeitwa Musa Mzuri, ambaye mali yake ilinunua urafiki wa Buganda. Wafanyabiashara Waarabu wakajenga makazi Kafuro, si mbali na kikale. Rumanyika alijua vizuri kwamba ufalme mdogo kati ya majirani wakubwa unaishi kwa kukaribisha watu, si kwa kuwafukuza.

1861: Biblia katika kikale

Novemba 1861 John Hanning Speke na James Augustus Grant walifika Bweranyange wakitafuta chanzo cha Nile. Walikuwa wamechoshwa na hongo. Kila mtemi njiani alidai nguo, shanga na waya, na huko Usui walishikiliwa wakakamuliwa kwa wiki kadhaa. Walipovuka mpaka wa Karagwe mambo yakageuka. Maofisa wa mfalme waliwapokea, wakawaambia vijiji vitawalisha kwa amri ya Omukama na hakuna hongo itakayotozwa. Kwenye kikale, Rumanyika aliwapa mkono na kuwauliza, kwa Kiswahili kizuri, wameionaje nchi yake, kwa kuwa yeye aliamini milima yake ndiyo mizuri kuliko yote duniani. Nasisitiza Kiswahili hicho. Miaka 100 kamili kabla ya uhuru wa Tanganyika, mfalme wa Bweranyange aliongea na mgeni kwa lugha ambayo leo inatajwa kuwa alama ya Mtanzania.

Speke alimpenda Rumanyika kwa dhati, akamsifu kwa upole na akili. Lakini alikuja na wazo kichwani. Aliwaona Abahima warefu, wenye pua nyembamba, akaamua kwamba watu wa sura hiyo na wenye utawala hawawezi kuwa wamezaliwa Afrika ya katikati; lazima wametoka Uhabeshi. Siku moja alichukua Biblia, akaketi na Rumanyika, akamweleza asili yake kuanzia Adamu hadi Mfalme Daudi, akimwonyesha kwamba wafalme wa Karagwe ni ndugu wa wafalme wa Habeshi. Akapendekeza wana wawili wa mfalme waende Uingereza kusomeshwa. Rumanyika alisikiliza kwa hamu. Yeye naye alikuwa na masimulizi yake kwamba mababu wa kale walikuwa nusu weupe, nusu weusi.

Mazungumzo hayo yangeweza kubaki porojo za jioni kati ya mwenyeji na mgeni. Hayakubaki. Kitabu cha Speke kilitoka 1863 kikiwa na sura nzima juu ya asili ya hao aliowaita Wahuma, na wazo kwamba watawala wa maziwa makuu ni taifa tofauti, lililotoka mbali na kuwateka wenyeji, likapata mguu wa kutembelea. Wamisionari walilirudia. Maofisa wa kikoloni walilipokea kama elimu. Nchini Rwanda, ambako Speke hakufika kamwe, ndiko lilikopata makao ya kudumu. Mtu wa Karagwe ana haki ya kujua kwamba sehemu ya sumu iliyoipasua Rwanda ilikorogwa Bweranyange, mbele ya mfalme mkarimu aliyedhani anaelezwa juu ya heshima ya ukoo wake.

Mto unageuzwa kuwa ukuta, 1878–1924

Msafiri Henry Morton Stanley alipopita 1876 alimkuta Rumanyika mzee, na akaonyeshwa nyumba ya hazina: bata wa shaba nyeupe wenye mabawa ya shaba nyekundu, ng'ombe wa shaba wasio na vichwa, mikuki ya mafundi. Hivyo havikuwa mapambo. Vilikuwa serikali yenyewe, ushahidi kwamba aliye navyo ndiye mwenye nchi, kama vile nyundo na fuawe za chuma zilivyomuunganisha mfalme na wale wafua chuma aliowarithi.

Rumanyika alifariki 1878. Yaliyofuata yalikuwa mabaya: wana na ndugu waligombana, wengine wakauawa, na Buganda ikaingiza mkono. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1890, sotoka ikamaliza ng'ombe, na ndui ikaja juu yake. Katika ufalme ambao utii ulifungwa kwa ng'ombe, kufa kwa mifugo kulikuwa kufa kwa mikataba yote kati ya watu.

Wakati huohuo, tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani zilitia sahihi makubaliano huko Berlin. Mpaka magharibi ya Ziwa Viktoria ungefuata mstari wa nyuzi 1 kusini mwa ikweta. Hakuna aliyeketi mezani aliyewahi kuuona mstari huo ardhini. Ulikata malisho, ulikata koo, ukaiweka Nkore kwa Waingereza na Karagwe kwa Wajerumani. Novemba mwaka huo Emin Pasha, aliyewatumikia Wajerumani, akaanzisha kituo cha Bukoba, na alipopita Karagwe 1891 alimkuta Omukama mtoto, Ntare, juu ya ufalme uliokwisha kuvunjika mgongo.

Upande wa magharibi haukuwa mpaka wa kimataifa chini ya Wajerumani, kwa sababu Rwanda nayo ilikuwa yao. Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyobadilisha hilo. Mwaka 1919 Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji waligawana ngawira: Rwanda na Burundi kwa Ubelgiji, Tanganyika kwa Uingereza. Waingereza waliota reli kutoka Cape hadi Cairo, wakataka ipite magharibi ya Kagera, kwa hiyo wakajichukulia Gisaka, eneo la mashariki ya Rwanda. Malalamiko yakazuka, kwa sauti ya mfalme wa Rwanda na ya wamisionari, na mwanzoni mwa 1924 Gisaka ikarudishwa. Tangu hapo mto ndio mpaka. Kwa muda mfupi mtu wa Gisaka na mtu wa Karagwe walikuwa chini ya bendera moja, kisha bila kuhama hata hatua moja wakawa wa nchi mbili.

Mpaka huo haukuzuia miguu. Ubelgiji ilitoza kodi nzito na kulazimisha kazi, na kahawa ya Bukoba na Buganda ililipa ujira. Maelfu ya Wanyarwanda walivuka Kagera kutafuta vibarua, wengi wakipita Karagwe, na baadhi wakabaki. Walipata shamba, wakaoa, wakajifunza Runyambo, ambayo si mbali sana na lugha yao. Waingereza hawakuwaandika kwa sababu hawakuwa na haja. Walihitaji mikono na kodi. Ng'ambo ya mto Wabelgiji walifanya kinyume. Katika miaka ya 1930 waligawa vitambulisho vilivyoandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa, na kile kilichokuwa hadhi inayoweza kubadilika kikawa damu isiyobadilika, ndani ya karatasi.

Taifa jipya na wageni wa Nkwenda, 1959–1980

Novemba 1959 nyumba za Watutsi zilianza kuchomwa Rwanda. Waliokimbia walikwenda Uganda, Burundi, Kongo na Tanganyika, na waliovuka Kagera walijikuta Karagwe na Ngara. Serikali ya uhuru, ambayo haikuwa na fedha hata za kujilisha vizuri, iliwapa ardhi. Makazi ya Nkwenda, leo wilayani Kyerwa, yalianzishwa kwa ajili yao. Walipewa mashamba na majembe, wakafyeka, wakapanda.

Taifa lililowapokea lilikuwa nalo linajitengeneza. Mwaka 1963 serikali ilifuta mamlaka ya machifu, na utawala wa Abahinda, uliodumu kwa vizazi vingi, ukakoma kisheria. Mnyambo aliacha kuwa mtu wa Omukama akawa mwananchi. Nadhani ni uamuzi uliofaa kwa nchi yenye makabila zaidi ya 120, na umetulinda na mengi yaliyowapata majirani. Hata hivyo uliondoa pia ule utaratibu wa zamani ambao mgeni aliingizwa kwa kuapa utii, na ulihitaji utaratibu mwingine mahali pake. Huo ukawa sheria ya uraia.

Sheria hiyo inastahili kusomwa polepole, maana ndiyo mzizi wa mengi yaliyofuata. Kwa ujumla, siku ya uhuru, 9 Desemba 1961, aliyezaliwa Tanganyika alikuwa raia moja kwa moja endapo angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Tanganyika. Mahali kama Dodoma kifungu hicho hakikumsumbua mtu. Karagwe kilikuwa kama panga lililowekwa chini ya kitanda. Mtoto wa kibarua aliyevuka mto 1935, na mama aliyevuka naye, hakuwa raia, ingawa alizaliwa kwenye migomba ya Karagwe na hakujua nchi nyingine. Hakuna aliyemwambia. Alipiga kura, alilipa kodi ya kichwa, alichangia ujenzi wa shule. Balozi wa nyumba kumi alimjua kwa jina, na hilo lilitosha.

Kwa wakimbizi wenyewe Mwalimu Nyerere alichukua hatua ambayo nchi chache duniani zimewahi kuichukua. Mwaka 1980 serikali ilitangaza kuwapa uraia wakimbizi wa Kinyarwanda wapatao 36,000 kwa pamoja. Mwaka 1983 Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi. Sifa hiyo aliistahili. Kasoro ilikuwa katika utekelezaji: tangazo lilikuwa la wote, cheti kilikuwa cha mtu mmoja mmoja, na si wote waliokwenda kukichukua. Wengine waliamini tangazo limekwisha kutosha. Wengine waliogopa kwamba kuwa Mtanzania ni kulikana tumaini la kurudi nyumbani siku moja. Karatasi ambazo hazikuchukuliwa wakati huo zilikuja kutafutwa miaka mingi baadaye, zikiwa hazipo.

Vita na silaha, 1978–1990

Kati ya ukarimu huo na tangazo lake kulikuwa na vita. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia eneo la kaskazini ya Kagera, na Amin akatangaza kwamba ni sehemu ya Uganda. Alisimamia hoja ileile ya mstari wa 1890: mto ndio ungefaa kuwa mpaka, alisema, si mstari wa hewani. Watu waliuawa, mifugo ikaporwa, daraja la Kyaka likavunjwa. Tarehe 2 Novemba Nyerere alilihutubia taifa, na kila Mtanzania aliyekuwa na akili wakati huo anakumbuka maneno yake juu ya uwezo, sababu na nia. Kampala ilianguka 11 Aprili 1979. Mkoa wa Ziwa Magharibi ukapewa jina la mto: Kagera.

Vita hivyo vilimfanya mtu wa mpakani kuwa Mtanzania kwa namna ambayo shule na redio hazikuwahi kufanya. Vijana wa Karagwe walijiunga na mgambo, na wanavijiji walibeba mizigo ya jeshi. Lakini vilileta vitu viwili vilivyokaa. Kwanza, mazoea ya kumtazama jirani wa ng'ambo kama adui anayeweza kujificha. Pili, bunduki. Silaha zilizozagaa baada ya vita ziliingia porini, na ujambazi wa barabarani ukawa sehemu ya maisha ya Kagera, hadi mabasi yakawa yanasindikizwa na polisi kupita misitu ya Biharamulo.

Mwaka 1982 na 1983 serikali ya Obote nchini Uganda ilipowafukuza Wanyarwanda kutoka Ankole, baadhi walikimbilia Karagwe na ng'ombe wao, wengine wakiwa wamefukuzwa kwa mara ya pili maishani. Oktoba 1990 vijana wa kizazi hicho waliingia Rwanda na bunduki kupitia Kagitumba, pale ambapo mipaka ya nchi tatu inakutana, ng'ambo ya mto kutoka Kyerwa. Wenyeji waliisikia vita hiyo kwa masikio kabla ya kuisikia redioni.

1994–1996: Mto unaleta wafu

Tarehe 22 Novemba 1992, mahali paitwapo Kabaya, mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia mkutano wa chama tawala cha Rwanda. Aliwaambia wasikilizaji wake kwamba Watutsi kwao ni Uhabeshi, na kwamba watarudishwa huko kwa njia ya mkato, kupitia mto Nyabarongo. Mahakama ya Rwanda ilimhukumu kifungo cha maisha 2016. Nyabarongo humwaga maji yake katika Kagera, na Kagera hupita kando ya Karagwe na Kyerwa kabla ya kugeukia Ziwa Viktoria. Kuanzia Aprili 1994 miili ilianza kuelea. Wavuvi na wachungaji wa ukingo huo waliona watoto waliofungwa pamoja na mama zao. Maelfu waliopolewa ziwani upande wa Uganda na kuzikwa katika makaburi ya pamoja, na kwa miezi kadhaa samaki hawakununulika.

Wazo lililoanza kama sifa kwa mfalme wa Bweranyange, kwamba ametoka Uhabeshi, lilirudi likipita chini ya vilima vyake, likiwa limefanywa hukumu ya kifo.

Baada ya wafu wakaja walio hai. Ndani ya siku mbili, mwishoni mwa Aprili, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara. Karagwe ilipokea wake katika kambi za Chabalisa, Kagenyi, Rubwera na Omukariro. Safari hii waliokimbia walikuwa zaidi Wahutu, na ndani yao walikuwemo waliochinja. Kwa mwenyeji tofauti hiyo haikuwa nadharia. Mtu aliyeomba maji mlangoni angeweza kuwa mjane wa mauaji au mwenye kuua. Miti iliisha kwa kuni, migomba ikavunjwa usiku, bei ya chumvi na maharage ikapanda na kushuka kwa kadiri malori ya misaada yalivyofika. Wapo pia waliofaidika, kwa vibarua rahisi na soko la ndizi, na si haki kuficha hilo.

Serikali ya Tanzania, iliyokuwa imesifiwa kwa miaka 30, ilibadili mkondo. Tarehe 31 Machi 1995 ilifunga mpaka. Desemba 1996, pamoja na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ilitangaza kwamba Wanyarwanda wote watarajiwe kurudi kwao kabla ya mwaka kwisha. Maelfu walitoka kambini kwa miguu kuelekea mashariki, ndani zaidi ya Tanzania, wakikimbia kurudishwa, wanajeshi wakawageuza. Katika wiki chache karibu nusu milioni walikuwa wamevuka. Ninaelewa sababu: kambi zilizojaa wanamgambo zilikuwa zimeiwasha moto Kongo, na hakuna serikali inayopenda kuwa ya pili. Kilichobaki baada ya operesheni hiyo, hata hivyo, ni fikra kwamba mtu anaweza kuondolewa kwa makundi, kwa lori, kwa tarehe.

Karatasi zinaanza kuuma, 2001–2013

Mwaka 2001 nchi nzima iligundua kwamba jambo hili halikuwa la wachungaji tu. Wizara ya Mambo ya Ndani ilitangaza kwamba Jenerali Ulimwengu, mwandishi na mchapishaji mashuhuri, aliyezaliwa Kagera, aliyewahi kuwa mbunge, si raia. Pamoja naye walitajwa wengine, akiwemo aliyekuwa mwenyekiti wa CCM mkoa wa Kagera. Hoja ilikuwa ya kifungu kile cha 1961, juu ya mahali walipozaliwa wazazi. Ulimwengu baadaye alipewa uraia kwa kuomba. Lakini kila kaya ya Karagwe na Ngara iliyokuwa na babu wa ng'ambo ilipata somo: kama anaweza kuvuliwa mtu mwenye magazeti, mwenye shamba la ekari mbili atajitetea kwa nini?

Mwaka 2006 ukaanza msako wa wafugaji na wahamiaji katika mkoa, na maelfu wakavushwa. Kisha 2013. Mwezi Mei mwaka huo Rais Jakaya Kikwete alishauri, kwenye mkutano wa Addis Ababa, kwamba Rwanda izungumze na waasi wa FDLR. Kigali ilikasirika. Wakati huohuo askari wa Tanzania walikuwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa mashariki ya Kongo, wakipigana na waasi wa M23. Uhusiano wa nchi mbili ukawa wa baridi kuliko wakati wowote. Mwishoni mwa Julai Kikwete, akiwa ziarani Kagera, alitoa wiki mbili kwa wahamiaji haramu kuondoka na wenye silaha kuzisalimisha. Ujambazi ulikuwa wa kweli, watu walikuwa wameuawa, na makundi makubwa ya ng'ombe yalikuwa katika hifadhi za Burigi na Kimisi. Watu wengi wa mkoa waliipongeza amri hiyo, na wanaoisimulia leo kana kwamba ilishushwa juu ya wananchi waliopinga hawasemi kweli.

Maelfu waliondoka wenyewe. Tarehe 6 Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga, ikiunganisha jeshi, polisi, uhamiaji na mgambo, na zaidi ya watu 10,000 wakakamatwa. Namna ilivyofanyika vijijini ndiyo inayouma hadi leo. Uamuzi wa nani atoke ulianzia kwa mwenyekiti wa kitongoji na majirani. Aliyekuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba alipata nafasi ya kuumaliza. Mume Mtanzania aliachwa na watoto, mke akavushwa. Kwingine mke ndiye aliyebaki. Wapo waliotolewa wakiwa na kadi ya kupigia kura, wapo walioonyesha cheti cha 1980 kikachanwa. Mashirika ya haki za binadamu yaliandika hayo mwaka uliofuata. Ng'ombe waliobaki porini waligawanywa na waliokuwa karibu. Upande wa Rwanda, watu ambao baba zao walikimbia 1959 walifika kambini bila kujua kilima hata kimoja cha nchi waliyoambiwa ni yao.

Baada ya Kimbunga

Karagwe yenyewe ilikuwa imegawanywa mwaka 2012, Kyerwa ikawa wilaya. Mwaka 2019 mapori ya akiba yakapandishwa kuwa hifadhi za taifa, mojawapo ikiitwa Rumanyika-Karagwe na nyingine Ibanda-Kyerwa. Wachungaji hawaingii tena humo. Biashara na Rwanda na Uganda imerudi. Kahawa bado huvuka mpaka wa Murongo usiku pale bei ya ng'ambo inapokuwa nzuri, na butura, ile desturi ya kuuza kahawa ingali maua mtini kwa sababu ya shida, haijaisha licha ya kupigwa marufuku mara nyingi.

Swali la mwenyeji limehamia kwenye ofisi ya kata. Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA) iliundwa 2008, na tangu laini za simu zianze kusajiliwa kwa alama za vidole 2019, namba ya NIDA imekuwa hitaji la lazima la maisha. Katika mikoa ya ndani mtu hujaza fomu, hupigwa picha, huondoka. Mpakani kuna ofisa wa uhamiaji mezani. Anauliza babu mzaa baba alizaliwa wapi, amezikwa wapi, shina la ukoo ni lipi, nani kijijini anaweza kuthibitisha. Kijana hutaja jina la ukoo, na jina lenyewe, kwa kuwa liko pia Rwanda na Nkore, huwa sababu ya kuulizwa zaidi. Wabunge wa mikoa ya mpakani wamelifikisha bungeni mara nyingi suala la wananchi wanaokaa miaka wakisubiri namba.

Sheria ya Uraia ya 1995, ukiisoma kama ilivyoandikwa, inamtaja kila aliyezaliwa katika Jamhuri ya Muungano tangu Siku ya Muungano, 26 Aprili 1964, kuwa raia, isipokuwa watoto wa mabalozi na wachache wengine. Watekelezaji hawaisomi hivyo. Wanadai angalau mzazi mmoja awe raia, na mzazi huyo naye athibitishe wake. Pengo hilo kati ya maandishi na meza ya ofisa linaweza kuzibwa na Bunge kwa kifungu kimoja, au na Mahakama Kuu kwa hukumu moja. Mpaka lizibwe, binti wa Nkwenda aliyezaliwa 2004, ambaye baba yake alizaliwa hapohapo 1975 na babu yake alipewa jembe na serikali ya Tanganyika, atatakiwa kuonyesha cheti ambacho babu huyo aidha alikichukua mwaka 1980, au hakukichukua.